Jumba Lisilo na Jina la Aliyelijenga

Jambo nililokusudia kulizungumza jioni hii ni hili: vipi mali ya mtu mmoja, aliyoikusanya kwa fedha zake na kuitundika katika kuta za nyumba yake ili aitazame yeye na wageni wake, hugeuka ikawa mali ya umma, ambayo mchukuzi na waziri wana haki sawasawa ya kuitazama, na ikiisha kugeuka hivyo, ni kitu gani kinachoizuia isipotee.

Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili si geni, maana tumelelewa katika desturi ya wakfu. Mtu alikuwa na shamba lake la minazi, akaliweka wakfu kwa ajili ya msikiti wa mtaani, na tangu siku hiyo shamba lile haliuzwi, halirithiwi, wala haliwekwi rehani. Mazao yake hununua mafuta ya taa na mikeka, na pana msimamizi aliyewekwa kuangalia kwamba nazi zinaanguliwa kwa wakati wake na hesabu zinaandikwa. Kila aliyekulia karibu na msikiti wa namna hiyo anajua kwamba yapo mashamba ya wakfu yaliyostawi vizazi na vizazi, na yapo yaliyogeuka vichaka, na kilichoyatenga haya na yale hakikuwa ukarimu wa watoaji, kwani wote walitoa kwa moyo mmoja, bali ni masharti yaliyowekwa siku ya kutoa na uaminifu wa waliopokea. Nawaomba muushike mfano huo, kwa sababu nitakwenda nanyi mbali.

Nitakwenda nanyi hadi Washington, mji mkuu wa Marekani, penye Jumba la Taifa la Sanaa. Majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya mengi yao ni mirathi ya wafalme. Louvre ya Paris ilifunguliwa kwa umma mwaka 1793, baada ya ufalme kupinduliwa, na picha zilizokuwa za mfalme zikawa za raia. Prado ya Madrid, iliyofunguliwa mwaka 1819, ni hazina ya wafalme wa Hispania. Waingereza walianza kwa kununua, maana mwaka 1824 Bunge lao lilitoa fedha zikanunuliwa picha 38 zilizokuwa za John Julius Angerstein, tajiri wa bima, na kwa muda zikaendelea kuonyeshwa katika nyumba yake mwenyewe. Wamarekani walikuwa hawana mfalme wa kumrithi, na mpaka miaka ya 1930 mji wao mkuu ulikuwa hauna jumba lolote la picha la kuweza kulinganishwa na hayo niliyoyataja. Aliyeuziba upengo huo alikuwa mtu mmoja, na huyo ndiye ninayetaka tumtazame kwa makini, kwa wema wake na kwa yale yasiyokuwa mema.

Andrew Mellon alizaliwa Pittsburgh mwaka 1855, mtoto wa jaji aliyegeuka mwenye benki, na yeye mwenyewe, kwa benki na mafuta ya petroli na alumini, akapata utajiri uliomweka katika safu ya watu wachache kabisa wa nchi ile. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1932 alikuwa Waziri wa Fedha chini ya marais watatu waliofuatana, kisha akawa balozi wa nchi yake London. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyependa hotuba wala hadhara. Na picha alizipenda kwa namna hiyo hiyo ya ukimya, akizinunua moja moja kwa miaka mingi, mpaka ilipomjia fursa ambayo hakuna mnunuzi wa picha aliyepata mfano wake.

Fursa yenyewe ilitoka Urusi. Katika mwaka 1930 na 1931 Serikali ya Kisovieti, iliyokuwa na haja kubwa ya fedha za kigeni za kununulia mitambo ya viwanda vyake, iliuza kwa siri picha bora za jumba la Hermitage la Leningrad, nyingi zikiwa ni zile zilizonunuliwa na Malkia Catherine katika karne ya 18. Mellon, kwa kupitia madalali wa New York, London na Berlin, alichukua picha 21 kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 6. Mojawapo ni Madonna wa Alba, kazi ya Raphael, ambayo peke yake ilimgharimu zaidi ya dola milioni moja. Ni picha ya duara, na upana wake haufiki mita moja. Bibi Mariamu ameketi chini, ardhini kwenye majani, si juu ya kiti cha enzi. Mkono mmoja umeshika kitabu na kidole kimebakia katikati ya kurasa, kama mtu aliyekatizwa kusoma. Mtoto Yesu anaupokea msalaba mdogo wa fito kutoka kwa mtoto Yohana aliyevaa ngozi, na macho ya wote watatu yamekutana katika msalaba ule, mama kana kwamba anayaona yatakayokuja na hawezi kuyazuia. Nyingine, ya Raphael huyo huyo, ni Mtakatifu George akimchoma joka kwa mkuki, ubao usiozidi sentimita 29 kwa urefu, ambao uliwahi kuwa mali ya Charles wa Kwanza wa Uingereza, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1649, kisha ukahamia Ufaransa, kisha kwa Malkia Catherine, na mwisho ukavuka bahari ya Atlantiki ukiwa umepakiwa sandukuni.

Hapa inatupasa kusema kweli bila ya kuipunguza. Picha hizo, kabla ya kuwa mali ya umma wa Washington, zilikuwa mali ya umma wa Leningrad, ambao haukuulizwa wala haukuarifiwa, na mtu aliyekuwa akisoma sanaa katika mji ule alizinduka akakuta ukuta mtupu. Na miaka ile ile ambayo Waziri wa Fedha wa Marekani alikuwa akilipa dola milioni kwa picha moja, katika miji ya nchi yake watu waliokosa kazi walikuwa wakipanga mistari kungojea supu na mkate, na baadhi yao waliilaumu siasa yake ya fedha kuwa ndiyo iliyowafikisha hapo. Mimi siamini kwamba jumba la picha, hata liwe zuri namna gani, linamfutia mtu hesabu ya namna hiyo. Ninachoamini ni kwamba hesabu hiyo na ile ya jumba ni mbili, kila moja inahitaji kusomwa peke yake, na anayezichanganya, ama kwa kumsifu mtoaji ama kwa kumshutumu, hatajifunza lolote kuhusu kazi ya kuwajengea watu hazina yao.

Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilimfikisha Mellon mbele ya baraza la rufani za kodi. Alikuwa ameanzisha amana ya hisani mwaka 1930, akazitoa baadhi ya picha zake kwa amana hiyo, na kwa kutoa huko akadai apunguziwe kodi, kama sheria ilivyoruhusu. Mawakili wa serikali wakauliza swali ambalo kwa hakika lilikuwa la haki: ikiwa picha zimefungiwa chumbani Washington na raia hana njia ya kuziona, zimetolewa kwa nani? Miongoni mwa mashahidi alikuwapo Joseph Duveen, dalali mashuhuri wa picha kutoka London, aliyeeleza mbele ya baraza kwamba nia ya Mellon tangu zamani ilikuwa ni kuijengea nchi jumba. Duveen huyo naye alikuwa na biashara yake katika jambo hili. Husimuliwa kwamba alikodi nyumba ya chini katika jengo alimokaa Mellon, akaijaza picha na sanamu, akampa Mellon ufunguo ili ateremke kuzitazama saa yoyote aitakayo, na mzee yule akawa anashuka usiku akiwa amevaa viatu vya ndani, mpaka mwisho akanunua vitu 42 kwa mkupuo mmoja, kwa bei inayotajwa kuwa dola milioni 21.

Kesi ikiwa haijakwisha, mwezi wa Desemba 1936, Mellon alimwandikia barua Rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa inamshitaki, akamwambia kwamba yuko tayari kuikabidhi nchi picha na sanamu zake zote, na fedha za kujengea jumba la kuziweka, na Roosevelt akampokelea kwa maneno ya shukurani. Bunge likapitisha sheria mwezi wa Machi 1937. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mellon akafariki, na siku iliyofuata akafariki msanifu wa jengo, John Russell Pope, misingi ikiwa ndiyo kwanza imechimbwa. Baraza la kodi lilipotoa hukumu mwezi wa Desemba, na kumsafisha na shutuma ya udanganyifu, mwenyewe hakuwapo kuisikia.

Sasa natua katika sheria ile ya mwaka 1937, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Yamo mambo manne ambayo aliyeyapanga alikuwa ameyafikiri kwa muda mrefu. Kwanza, Mellon hakutaka jumba liitwe kwa jina lake. Alitaka liwe la taifa kwa jina na kwa maana. Rafiki yake wa ujanani, Henry Clay Frick, aliyekuwa tajiri wa makaa na chuma, aliiacha nyumba yake ya New York pamoja na picha zake ziwe za kutazamwa na umma, na nyumba ile inaitwa Frick hadi leo; ni nzuri mno, lakini hakuna tajiri mwingine anayetamani picha zake zilale chini ya jina la Frick. Mellon aliliona hilo. Alijua kwamba hazina yake, ya picha mia na ushei, haitoshi kuwa hazina ya nchi, na kwamba wengine hawataleta zao mlangoni pa mtu mwingine.

La pili lilifuata hilo la kwanza: aliagiza jengo kubwa kupita mahitaji yake, lote limevikwa marumaru ya waridi kutoka Tennessee, likiwa na vyumba vingi ambavyo yeye mwenyewe hakuwa na kitu cha kuvijaza. Kuwaachia wageni nafasi ya namna hiyo, kwa fedha zako mwenyewe, ukijua kwamba hutaishi kuwaona wakiingia, ni adabu ya utoaji ambayo naistahi kuliko dola zake zote.

La tatu ni sharti kwamba kazi yoyote itakayoongezwa lazima iwe na ubora unaofanana na wa zile za kwanza. Walioyaona majumba yetu ya makumbusho wanaelewa faida ya sharti hili, maana afisa asiyekuwa nalo hana njia ya kumkatalia mkubwa anayeleta picha yake mbaya kwa tarumbeta na wapiga picha, na ukuta ukishajaa vitu vya namna hiyo, mwenye kitu kizuri hukificha.

Na la nne, ambalo mimi ningeliandika kwa wino wa dhahabu, ni ahadi ya serikali. Katika sheria ile Marekani iliweka rehani heshima yake kwamba itatoa daima fedha zitakazohitajika kulitunza jumba, kuzihifadhi na kuzilinda kazi zilizomo, na kuwaonyesha watu bila ya kiingilio. Hivyo mtoaji alitoa vitu, na mpokeaji akatoa kiapo. Walinzi, mafundi wa kusafisha picha, makaa ya kupashia moto wakati wa baridi, hewa isiyopanda wala kushuka unyevu, vyote hivyo vikawa deni la serikali, awepo rais huyu au yule. Haikuchukua muda ahadi hiyo kujaribiwa: jumba lilifunguliwa na Roosevelt tarehe 17 Machi 1941, na mwezi wa Januari uliofuata, nchi ikiwa imeingia vitani, kazi zilizo bora kabisa zilihamishwa zikafichwa katika kasri la Biltmore, milimani North Carolina, mpaka hatari ilipopungua mwaka 1944.

Matokeo ya mpango huo yalikuja kwa kasi. Samuel Kress, mwenye maduka ya bidhaa za bei rahisi, za senti 5, 10 na 25, alikuwa amekwisha kukusanya picha za Kitaliano kwa wingi wa ajabu na alikuwa na azma ya kujenga jumba lake mwenyewe. Watu wa Washington wakamshawishi, na mwaka 1939 akaahidi picha 375 na sanamu 18, zikafika kabla ya mlango kufunguliwa. Mwaka 1942 Joseph Widener alitoa hazina iliyoanzwa na baba yake katika kasri lao karibu na Philadelphia, imo Kinu ya Rembrandt, ile ya kinu cha upepo kilichosimama juu ya boma, jioni imekwisha kuingia. Mwaka 1943 Lessing Rosenwald akaanza kutoa michoro na picha za chapa, ambazo hatimaye zilifika takriban 22,000. Chester Dale, wa soko la hisa la New York, alipofariki mwaka 1962 aliliusia jumba picha za Wafaransa wa karne ya 19 na baada yake, kwa sharti la kwamba zisiazimwe kwenda kwingine. Na watoto wawili wa Mellon, Paul na Ailsa, walijenga jengo la pili, la mashariki, lililofunguliwa mwaka 1978. Na ni kwa fedha za Ailsa ndipo mwaka 1967 iliponunuliwa kwa mtawala wa Liechtenstein picha ya Ginevra de' Benci, ya Leonardo da Vinci. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuta jina la mtu juu ya mlango.

Hebu tuulinganishe mpango huo na mwingine, uliotokana na mapenzi makubwa zaidi, pengine, lakini yaliyofumbata mkono. Isabella Stewart Gardner wa Boston alijenga jumba kwa mfano wa kasri la Venice, akalifungua mwaka 1903, na kila picha, kiti na kitambaa alikipanga yeye mwenyewe. Katika wasia wake, alipofariki mwaka 1924, aliagiza kwamba mpangilio wake usibadilishwe, na ukibadilishwa vitu vyote viuzwe. Mwaka 1990 wezi waliovaa nguo za polisi waliingia usiku wakachukua kazi 13, mojawapo ya Vermeer na mbili za rangi za Rembrandt. Hazijapatikana, na zile fremu zilizobaki bado zimetundikwa pale pale, tupu, na wageni hupita wakizitazama. Sithubutu kumlaumu bibi yule, maana bila ya yeye Boston isingekuwa na jumba hilo. Lakini naona uzito wa mkono wa marehemu unaoendelea kushika alichokitoa.

Kwetu Afrika ya Mashariki hatukukosa watoaji. Joseph Murumbi, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya na mwaka 1966 Makamu wa Rais, alijiuzulu siasa akayaelekeza mapenzi yake katika vitabu na sanaa za Afrika. Alikusanya maelfu na maelfu ya vitabu, stempu, nguo za kufumwa, mapambo na nakshi za mbao, kutoka pembe zote za bara, katika wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa vikichukuliwa na wageni kwa bei ya kutupa. Katika miaka ya 1970 aliikabidhi serikali, kwa mauziano, maktaba yake na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba mahali pale patakuwa chuo cha kusoma mambo ya Afrika. Matumaini hayo hayakutimia kama alivyokusudia, na aliiaga dunia mwaka 1990 nyumba yake haijawa chuo. Lililobaki, na tunashukuru kwamba limebaki, ni sehemu ya hazina yake iliyo katika Makavazi ya Taifa, ndani ya jengo la benki ya zamani pale Moi Avenue, Nairobi, na nyingine katika jengo la zamani la mkuu wa jimbo, linaloitwa sasa Nairobi Gallery. Nawasihi walio karibu waingie. Nguo za Afrika ya Magharibi zilizomo zina rangi ambazo hakuna kitabu kinachoweza kuzichapa sawasawa.

Murumbi alikuwa na mapenzi, na alikuwa na jicho la kuchagua. Alichokikosa ni kile kifungu cha nne. Hakupewa kiapo.

Na sasa fikirieni habari ya Sam Ntiro, mchoraji wa Kichagga, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika London. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku, iko New York katika Museum of Modern Art tangu mwaka 1960, imehifadhiwa, imeandikwa katika daftari, na mwanafunzi yeyote anaweza kuiulizia. Basi aliye na picha ya Ntiro ukutani mwake, awe Moshi, Kampala au Dar es Salaam, akiamka kesho na nia ya kuitoa iwe ya watu wote, ampelekee nani, na apewe hati gani yenye nguvu ya sheria, ya kumthibitishia kwamba miaka 50 baadaye itakuwa ipo, haijaliwa na mchwa wala haijahamia ofisini kwa mkubwa? Swali hili sikuliuliza kwa kupamba mazungumzo. Naliweka mbele ya wizara zinazohusika na utamaduni katika nchi zetu, na mbele ya wabunge wanaotusikiliza, na kituo hiki kitafurahi kulisoma jibu lao hewani siku watakapolileta.